Daktari Hakuona Kosa

Mama Stephano alikuwa haoni. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe asubuhi ile, kakaa kitandani kashika kichwa kama mtu aliyeangukiwa na nazi: ukungu mbele, ukungu nyuma, hata vidole vyake havioni, na mtu wa kumpeleka kliniki ya macho awe Anjelina, si mwingine. Mwanamke huyu juzi tu alimwona paka wa jirani akiiba dagaa ng'ambo ya barabara ya Keko, malori yakipita katikati, na akamtukana paka kwa jina lake. Lakini mkwe ni mkwe. Anjelina akafunga kanga juu ya suruali ya kazi, akamshika mama mkono, wakaenda.

Kwenye benchi la kliniki foleni ilikuwa imelala fofofo. Anjelina akatoa simu, akaanza kupitia status za watu. Ya kwanza tu ilikuwa ya Venance, shemeji yake, mdogo wa mumewe. Video. Venance kavaa miwani ya jua ndani ya karakana, nyuma yake mashine ya kuchonga inanguruma, vumbi la mbao linaruka, na chini kaandika: *Daktari kafanya yake. Hatumhitaji mtu.*

Akaicheza tena toka mwanzo.

"Haiwezekani," akasema. "Ile mie nimeifunga."

"Na hiyo miwani Venance kaitoa wapi?" akauliza Mama Stephano, shingo kairefusha juu ya bega la mkwewe.

Anjelina akageuka polepole. "Mama. Si huoni?"

Mama Stephano akarudi haraka kwenye ukungu wake. "Ya karibu naona kidogo. Ya mbali ndiyo shida."

"Asubuhi ulisema hata vidole vyako huvioni."

"Sasa mwanangu, umenileta hospitali au kituo cha polisi? Kaa chini, hatujaitwa."

Anjelina hakukaa. Alimwekea kadi ya kliniki mapajani, akatoka mbio kutafuta bodaboda, na nyuma yake akamsikia mama mkwe akiwaambia wagonjwa wenzake kwa sauti ya msiba, "Mmeona? Mmeona wakwe wa siku hizi? Kaniacha kipofu!"

Ugomvi huu hauna maana kwa mtu asiyejua kufunga kwa mafundi wa Keko. Fundi wa Keko haachi mashine yake ikiwa nzima. Akienda kula, akienda msibani, hata akienda haja, anatoa kitu: fyuzi, mkanda, nati, anakitia mfukoni. Asipofanya hivyo atarudi akute mtu kapitisha mbao yenye misumari kwenye randa yake, na meno ya randa yamelala chini kama ya mtoto. Mzee Alfonsi, baba mkwe wa Anjelina, enzi za nguvu zake alikuwaga anakwenda kanisani na mkanda wa randa kauvaa kiunoni. Wanasema Jumapili moja alipiga magoti kwa nguvu, mkanda ukafyatuka, ukaruka safu za mbele zote na kuangusha kengele altareni, na padri akaendelea na misa akidhani ni Roho Mtakatifu.

Sasa mikono ya mzee ilikuwa inatetemeka na patasi haimtii. Ndiyo maana ikaja mashine inayoongozwa na kompyuta, na ndiyo maana Anjelina, aliyesomea chuo cha ufundi, akawa mtu pale karakana badala ya kuwa mke wa Stephano tu. Yeye ndiye aliyeandika programu. Programu yenyewe ni maagizo, mstari kwa mstari: kisu, nenda kulia, kisu, shuka uchimbe, kisu, panda juu, hamia ua jingine. Na akitoka, Anjelina alifunga kama mafundi wengine. Alikwenda kwenye mistari inayokiambia kisu kipande juu, akaacha herufi, akafuta namba. Mashine ikisoma agizo la kupanda lisilosema kupanda hadi wapi, inagoma kabla haijaanza. Inawaka nyekundu, inaandika kosa, na huitikisi hata kwa maombi ya mfungo. Akirudi, anazirudisha namba zilizomo kichwani mwake, kazi inaendelea. Hakumwambia mtu. Wenyewe walidhani mashine inapenda mkono wake. Venance alidhani kairoga.

Alipofika, mashine ilikuwa imenyamaza. Stephano, mumewe, alikuwa pembeni anapiga msasa stuli ambayo ilishalainika tangu wiki iliyopita. Venance alikuwa amevua miwani.

Juu ya meza ya mashine ulilala mlango wa mvule wa mteja wao, Bi Kokushubila wa Madale. Maua yalikuwa mazuri, kila petali na mshipa wake. Lakini kutoka ua hadi ua, kutoka kona hadi kona, ulipita mfereji wa kina cha kidole, kana kwamba mtu aliyelewa kaburuta jembe kwenye mlango mzima akitafuta njia ya nyumbani.

"Umefanya nini?" Anjelina akauliza.

"Niulize mie? Programu si yako?" Venance akaruka. "Ilikuwa mbovu, shemeji! Nimeikuta ina makosa kibao. Nikampa Daktari, akaitibu, ikaenda."

"Daktari nani?"

Venance akageuza simu. Alikuwa na programu mpya, ya akili mnemba, kapewa na rafiki yake karani wa kutoa makontena kule Kurasini. Kazi yake kusahihisha makosa ya programu nyingine, yenyewe, bila mtu. Unampa mgonjwa asubuhi, anakurudishia mzima kabla chai haijapoa.

"Nionyeshe alichobadilisha."

Akaonyesha kwa kidole kilichoanza kupoteza ujasiri. Daktari alikuta agizo la kupanda halina namba. Daktari, kwa adabu zake zote, hakuuliza namba imekwenda wapi. Alitazama mstari wa juu yake, akakuta namba ya kushuka na kuchimba, akainakili hiyo hiyo. Akafanya hivyo kila mahali palipokuwa na pengo. Mashine ikasoma, ikaona sentensi zote zimekamilika, ikaridhika. Kisu kikahama ua kwenda ua bila kunyanyuka.

"Na ulipoona kinaburuta hukuzima?"

"Nilikuwa..." Venance akakohoa. "Nilikuwa nje."

"Alikuwa anajipiga video," akasema Stephano, bila kuinua macho. Hilo ndilo neno lake la kwanza.

"Na neno la siri la laptopu nani kampa?"

Msasa ukaenda, ukarudi. Ukaenda, ukarudi. Anjelina akamtazama mumewe kwa muda, kisha akaacha kumtazama, maana jibu lilishatoka.

Mzee Alfonsi akaingia kwa fimbo. "Shikamoo baba," wakasema wote kwa pamoja, kama wanafunzi waliovunja kioo. Hakuitika. Alitia kidole kwenye mfereji, akaufuata kutoka ua la kwanza, taratibu, mkono ukitetemeka hadi kucha zinagonga mbao tik tik tik. Alipofika mwisho akamgeukia mkwewe.

"Ulitoa nini?"

Venance akatoa macho. "Baba, mie ndiye—"

"Nyamaza. Anjelina, ulitoa nini?"

"Namba, baba. Za kupandisha kisu."

"Unafunga."

"Nafunga, baba."

"Mie nilikuwa natoa mkanda," akasema mzee. "Mwizi akikosa mkanda, amekosa. Hakai akajibunia mkanda mwingine hewani. Wewe umetoa kitu ambacho mjinga anaweza kukibuni." Akaipiga meza kwa fimbo. "Na hebu niambie, kwenye karakana yangu, ulikuwa unamfungia nani? Mie?"

"Nilimfungia anayesema hatumhitaji mtu."

"Unaona!" Venance akapiga kelele. "Kakiri mwenyewe! Katuwekea mtego! Miaka yote tunadhani mashine ina wivu, kumbe yeye!"

 Mzee akakaa juu ya ile stuli ya Stephano, ikabidi Stephano atafute kitu kingine cha kupiga msasa.

Bi Kokushubila alifika mchana na kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, kakaa kiti cha mbele, kitenge shingoni, mkoba mapajani. Alikuwa karani mstaafu wa mahakama, na alishuka kama hakimu. Mvule ule hakuununua. Mti aliupanda baba yake kule Muleba, ukaanguka na upepo mwaka aliozikwa, na mbao zikasafiri hadi Madale zimefungwa mablanketi kama mgonjwa wa rufaa. Jumamosi wakwe watarajiwa wa binti yake walikuwa wanakuja na posa, na alitaka wapite mlango wa babu yake.

Walikuwa wameufunika kwa turubai. Wazo la Venance.

"Fungueni nione."

"Mama, kwanza karibu soda," Venance akasema. "Kuna marekebisho madogo ya—"

Bi Kokushubila mwenyewe akalivuta turubai.

Keko nzima ina kelele, lakini mafundi wa karakana za jirani wanaapa kwamba wakati ule hata misumeno ilijizima yenyewe. Bi Kokushubila alisimama. Akainama. Akatia kidole pale pale alipotia Mzee Alfonsi.

"Mawe!" akasema polepole, kwa kilio cha Kihaya. "Baba yangu kawakosea nini?"

"Shikamoo mama," Anjelina akaanza.

"Shikamoo ya nini? Nimekuja kuamkiwa? Nani kafanya hivi?"

Hapo ndipo ungeona familia inavyoweza kuwa na vidole vingi. Venance akasema ni programu. Ilikuwa mbovu, Daktari akaisaidia, ila ugonjwa ulishakuwa mkubwa. Anjelina akasema ilifungwa, haikuwa mbovu. Venance akasema kufunga kwa makosa ni makosa. Anjelina akasema mlango uliofungwa kwa kufuli si mlango mbovu, ila aliyeuvunja ndiye mbovu. Mzee Alfonsi akasema wote wawili wafunge midomo mbele ya mteja.

"Basi," Bi Kokushubila akainua mkono. "Mmoja kafunga, mmoja kavunja, na mbao zangu. Nataka jina moja. Wewe, bwana mkimya, wewe mwenye msasa. Wewe ndiye mkubwa hapa?"

"Ndiyo, mama," Stephano akasema.

"Nani kaharibu mlango wa baba yangu?"

Anjelina akamtazama. Hakuomba kitu kikubwa. Hakutaka atetewe, alitaka tu aseme *sisi*. Neno dogo la kuingia watu wote.

Stephano akafuta vumbi kwenye paji la uso. "Programu," akasema, "iliandikwa na Anjelina."

Bi Kokushubila akamtazama Anjelina kuanzia kichwani hadi kwenye ndala zake zenye vumbi la mbao. "Umesoma?"

"Nimesoma, mama."

"Umesoma ili uwafiche watu kazi kama mchawi anayeficha hirizi. Na wewe," akamgeukia Venance, "hukusoma, ukatafuta dude lisilowahi kuona mti likufanyie kazi ya mti. Mzee, unao watoto."

Mzee Alfonsi akashusha macho. "Mama, tutakutafutia mvule mwingine."

"Mwingine aliupanda nani?"

Bi Kokushubila akalirudisha turubai juu ya mlango.

"Pakieni," akasema. "Nauchukua hivi hivi, na Jumamosi utafungwa pale mbele, na huo mfereji wenu. Wakwe zangu ni watu wa adabu, wataogopa kuuliza. Nitawaambia bila kuulizwa. Mtaa, jina la karakana, jina la mzee, kila kitu. Atakayepita Madale kwangu, hata muuza maji, nitamwambia. Nilikuwa nasoma mashtaka mahakamani, sauti yangu haijafa."

Wakaupakia. Stephano na Venance walibeba huku na huku, na kwa sababu ya mfereji ule vidole vyao vilipata mahali pazuri pa kushika.

Kikao kilikaa jioni hiyo hiyo, uani, kabla ugali haujapakuliwa. Mama Stephano alikuwa amesharudi kwa miguu yake, macho yamepona kwa neema ya Mungu, na alikuwa na mengi ya kusema.

"Kaniacha benchini kama mzigo," akasema. "Watu wananihurumia, wananiuliza, mama huna mtoto wa kike? Nikasema ninaye mkwe, ila ana mashine."

"Mama, hukuwa unaumwa," Anjelina akasema. "Ulitumwa na Venance unitoe karakana."

"Mnasikia? Mnasikia anavyonijibu?" Akamgeukia Stephano. "Mkeo huyo."

Stephano akavunja kijiti.

Venance alisimama, simu mkononi. Alikuwa ametafuna aibu ya mchana akaimeza, sasa alikuwa anacheua ujasiri. Alitaka jambo moja tu: programu zote zifunguliwe. Vitanda, milango, viti vya kanisa, zote. Kila namba irudi mahali pake, mbele ya watu, na Daktari azipime moja baada ya nyingine. "Karakana ya familia haiwezi kufungwa kwenye kichwa cha mtu mmoja," akasema. "Tena mtu wa kuja."

"Wa kuja wapi?" Anjelina akauliza. "Mie nimekuja nikaikuta hiyo karakana haina hata kompyuta."

"Ndiyo hayo. Anajiona."

Wote wakamtazama Mzee Alfonsi. Alikuwa anaangalia mikono yake imelala mapajani, inatetemeka yenyewe kama ya mtu mwingine.

"Fungua," akasema.

"Baba, wewe ulikuwa unafunga."

"Nilikuwa nafunga changu. Hiki si chako. Fungua."

Anjelina akaletewa laptopu na kigoda. Akafungua pale pale, moshi wa jiko ukimpiga machoni, ukoo mzima umemzunguka kama watu wanaotazama mwizi akirudisha kuku. Alirudisha namba za kitanda cha mawaridi, za mlango wa simba, za kiti cha padri. Kila alipomaliza moja, Venance alimpa Daktari, na Daktari alifikiri kidogo kisha akaandika kwa rangi ya kijani, na Venance akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: "Hakuna kosa lililopatikana!" Na Mama Stephano, kila mara, "Ashukuriwe Mungu."

Alipofunga laptopu, mama mkwe akamsogezea beseni.

"Kesho utanisaidia kumenya mihogo ya kukaanga. Barabarani panataka mtu. Tena muhogo hauna neno la siri."

Walicheka. Stephano naye alicheka, kidogo, kwa puani, kicheko cha mtu anayetaka kupitwa. Anjelina akamsikia katikati ya wote.

"Sawa, mama," akasema. "Ngoja nikafunike mashine, vumbi lisiingie."

Akaenda karakana peke yake, akafunika mashine vizuri kwa shuka lake, kama mtu anayemlaza mtoto. Mzee Alfonsi alikuwa amemfuata hadi mlangoni kwa fimbo yake. Alimwona alivyoinama, alivyokaa ameinama kuliko kazi ya shuka inavyotaka, na alivyonyanyuka mkono mmoja ukiwa ndani ya blauzi.

"Umefunika?" mzee akauliza.

"Nimefunika, baba."

"Vizuri."

Akampisha.

Asubuhi mihogo ilikuta beseni halina mtu. Anjelina alikuwa Mbagala kwa shangazi yake, Recho, na begi moja la nguo na laptopu. Shangazi hakuuliza mengi. Alimpa chai, akamwonyesha pa kulala, akasema wanaume wa siku hizi wamekuwa kama betri za mchina, kisha akarudi kwenye cherehani yake dirishani.

Juu ya meza, kati ya vikombe, Anjelina aliweka nati. Ilikuwa nati ya kushikia kisu, nene, mviringo, ukubwa wa yai la kuku wa kienyeji. Bila hiyo kisu hakikai kwenye mashine, na Keko nzima ilikuwa moja tu, maana mashine ilikuwa moja. Dukani ipo, lakini ukiitafuta lazima uijue jina, na jina lake halikuwahi kumtoka Anjelina mdomoni.

Aliweka na simu pembeni. Alikuwa ameapa kimoyomoyo usiku ule: Stephano atapiga. Akianza na *rudi*, nabeba nati, nabeba begi, naenda, hata mihogo nitamenya. Akianza na jina langu tu, nitafikiria. Alijua ni bei rahisi. Aliona aibu ilivyo rahisi.

Simu ikaita.

"Haloo," akasema.

"Nati iko wapi?"

Anjelina akafumba macho. Akampa nafasi nyingine, kwa sababu alikuwa mkewe. "Habari za asubuhi, Stephano."

"Nzuri. Nati iko wapi? Kisu hakikai. Venance kaweka programu, kila kitu kipo sawa, tunawasha, kisu kinadondoka mezani kama jino. Mteja wa kitanda anakuja."

"Mmemuuliza Daktari?"

 Akasikia mkono ukiziba simu, watu wakibishana, sauti ya Mama Stephano ikisema *alikuwa anaifunika shuka mie nimeona kabisa*, kwa hiyo macho yake sasa yalikuwa yanaona hadi karakana.

"Tumemuuliza," Stephano akasema.

"Anasemaje?"

"Anasema hakuna kosa lililopatikana."

"Basi, baba," Anjelina akasema. "Kama hakuna kosa, fanyeni kazi."

Hakukata mara moja. Alisubiri, simu sikioni, kwa ajili ya lile neno moja. Alichosikia, mbali nyuma ya sauti za watu, ni Mzee Alfonsi anacheka. Kilianza kama kikohozi, kikapanda, kikajaa karakana nzima, kicheko cha mtu aliyewahi kuangusha kengele altareni, na mtu akamwambia *baba, nyamaza*, na hakunyamaza.

Anjelina akazima simu. Upepo ukaingia dirishani, ukaanza kumpeperushia shangazi vitambaa vyake juu ya cherehani, na Recho, bila kuuliza ni kitu gani, akanyoosha mkono, akaichukua ile nati mezani, akavikandamiza nayo.

"Hiki kizuri," akasema. "Unakihitaji?"

"Kaa nacho," Anjelina akasema.